Muulize Fundi: Manowari Yako ni ya Siku Gani?

Swali

Shikamoo Fundi. Marehemu baba ameniachia modeli ya manowari aliyoijenga mwenyewe, ya mbao, yenye milingoti mitatu. Kibao chake cha shaba kimeandikwa "VICTORY 1765". Nimepima sitaha ya chini ya mizinga, nimepata sm 59. Kamba nusu zimekatika, foromali mbili (miti ya kutundikia matanga) zimevunjika, na matanga haikuwa nayo tangu mwanzo. Ubavu una mistari ya njano na nyeusi, tumbo limevikwa shaba yenye vipele vingi, na nyuma inapepea bendera nyekundu yenye alama ya Uingereza pembeni. Kila nikisoma kidogo nakuta kitu kingine kilichokosewa. Rafiki yangu ananishauri nivue kila kitu nianze upya. Nianzie wapi?
*Mrithi*

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Huyo rafiki mpe kazi ya kuchemsha chai, mezani asisogee.

Kabla hujagusa hata uzi mmoja, amua jambo hili: meli hii ni ya siku gani? Sisemi enzi gani, wala mwaka gani tu. Victory halisi iliwekwa mkuku, yaani ujenzi ulianza, tarehe 23 Julai 1759, ikashushwa majini 7 Mei 1765, ikapigana Trafalgar, ambako Waingereza waliwashinda Wafaransa na Wahispania, 21 Oktoba 1805, na hadi leo ipo Portsmouth, ndani ya gudi kavu tangu 1922. Katika maisha marefu hivyo ilibadilishwa uso, ikavalishwa, ikavuliwa. Picha ya arusi ya bibi haiwezi kuwa na mvi alizoota akiwa na wajukuu. Ukishajua siku, maswali yako mengi yatajijibu yenyewe.

Kibao kinasema 1765. Sasa iulize meli yenyewe. Shaba tumboni? Victory ilivikwa shaba mwaka 1780, kwa hiyo 1765 imeshaanguka. Mistari ya njano na nyeusi inayofuata safu za mizinga? Hayo ni mavazi ya zama za Nelson, amiri wa Waingereza pale Trafalgar. Zunguka nyuma, uitazame shetri. Ukiona roshani za wazi ambazo ofisa angeweza kusimama akapunga upepo, hiyo ni meli ya kabla ya matengenezo makubwa ya 1800 hadi 1803. Ukiona madirisha tu, yamefungwa bapa, ni ya baada yake. Kisha njoo omoni, mbele ya meli. Sanamu ya kwanza iliyokuwa hapo ilikuwa msongamano wa nakshi na watu. Ile ya 1803 ni nyepesi zaidi: watoto wawili wanono wameshika ngao ya kifalme yenye taji. Nakubashiria utawakuta hao watoto wawili. Basi baba yako alijenga meli ya Trafalgar, na kibao nacho hakisemi uongo. Kinataja mwaka wa kushushwa majini. Kiache mahali pake.

Kipimo ulichonipa ni dhahabu. Sitaha ile katika meli halisi ina urefu wa mita 56.7. Gawanya kwa sm 59, unapata karibu 96, yaani inchi moja ya nane kwa kila futi, kipimo cha zamani kabisa cha watengenezaji meli ndogo. Kiandike ukutani mbele ya meza yako: 96. Kila utakachokata, kufunga au kununua kipitishe kwanza kwenye namba hiyo.

Tuanze na kamba, maana hapo ndipo wengi wanapozama. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vinapotaja ukubwa wa kamba, vinataja mzingo wake. Havitaji unene wa kutoka upande hadi upande. Ukisoma "inchi 19" ukadhani ni unene, utafunga kamba mara tatu ya inavyotakiwa, na meli itaonekana imefungwa kwa minyororo. Kamba nene kuliko zote, ile inayoushikilia mlingoti mkuu kutoka mbele, ilikuwa na mzingo wa karibu nusu mita. Huo ni unene wa sm 15 hivi. Gawanya kwa 96: mm 1.6. Hiyo ndiyo kubwa kupita zote! Nyingine zote ziteremke kutoka hapo, mpaka zile nyembamba ambazo utazishika kwa kibano huku umebana pumzi.

Pima pia ngazi za kamba, zile wanazopanda mabaharia kwenda juu. Nafasi kati ya daraja na daraja ilikuwa kama sm 33. Kwako wewe iwe mm 3.4. Nimeona meli ndogo nyingi zenye ngazi za mm 7. Baharia wa namna hiyo angekuwa anapanda ukuta, si ngazi. Kama baba aliziweka pana na bado ni nzima, ziache. Ukifunga mpya mahali palipokatika, hapo amua: ama ufuate historia, ama ufuate mkono wa baba ili upande mmoja usipishane na mwenzake. Mimi ningefuata mkono wa baba. Sababu nitakupa chini.

Rangi za kamba ni mbili, na hazichanganywi. Kamba zisizohama, zinazoshikilia milingoti, zililoweshwa lami, kwa hiyo ni nyeusi inayokwenda kahawia. Kamba zinazovutwa na kulegezwa, yaani jarari, demani na ndugu zake, zilibaki na rangi ya katani. Uzi mweupe kabisa haupo popote kwenye meli ile. Na tafadhali usipake uzi rangi kwa kuuchovya kwenye chai, hata kama umesikia kwamba inafaa. Inapendeza mwaka wa kwanza, kisha asidi inaula uzi taratibu, na mtoto wako ataniandikia barua kama hii.

Milingoti ilifungwa kwa pete za chuma. Wafaransa na Wahispania walizipaka nyeusi. Nelson aliagiza zake zipakwe njano kama mlingoti wenyewe, ili bendera zikishaanguka na moshi ukitanda, wapiga mizinga wajue nani wa kwao. Kama za baba ni nyeusi, hilo ni kosa halisi, na ni kosa dogo la kurekebisha: rangi ya maji, brashi namba sifuri, jioni moja.

Bendera ni kosa jingine. Wakati ule jeshi la maji la Uingereza lilikuwa na bendera za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu, kufuatana na cheo cha amiri. Utaratibu huo ulifutwa 1864, nyekundu ikaachiwa meli za biashara. Trafalgar, Nelson aliamuru meli zake zote zipandishe nyeupe, hata zile zilizokuwa chini ya msaidizi wake Collingwood, ambaye alikuwa amiri wa buluu. Kwa hiyo yako iwe nyeupe yenye msalaba mwekundu, na pembeni juu alama ya muungano.

Hiyo alama itazame kwa makini. Mkiani mwa karne ya 18 ilikuwa haina ile mistari myembamba ya kimshazari myekundu. Mistari hiyo ni ya Ireland, nayo iliingia tarehe 1 Januari 1801. Mimi mwenyewe niliwahi kukabidhi manowari ya mwaka 1797, kazi ya miezi minane, kila kapi mahali pake, huku nyuma inapepea bendera ya 1801. Aliyeligundua ni mtoto wa darasa la tano aliyependa bendera. Alinyoosha kidole tu. Nilijifanya nakohoa.

Kuhusu vipele vya shaba: vipande halisi vilikuwa futi nne kwa inchi 14, kwako ni mm 12.7 kwa mm 3.7. Misumari yake ililazwa ikawa sawa na shaba, na kwa kipimo cha 96 kichwa cha msumari kingekuwa kidogo kuliko punje ya vumbi. Kwa hiyo ndiyo, vipele vile si sahihi, tumbo la meli halikuwa na chunusi. Je, uibandue? Hapana. Hapana kabisa. Ukibandua shaba utaondoka na mbao, na mbao ni baba.

Sasa ile sababu. Mezani kwako kuna historia mbili. Ya kwanza ni ya Victory, na ya pili ni ya meli hii ndogo, ya mtu aliyekaa usiku akiijenga. Nilipokuwa kijana nililetewa manowari ya milingoti miwili yenye sitaha ya kijani. Nikajua, kwa ujuzi wangu wa vitabu vitatu, kwamba sitaha za enzi ile hazikupakwa kijani. Nikakwangua kwa msasa mpaka mbao ikang'aa. Mwenye mali alipokuja hakuitazama mizinga wala kamba. Aliuliza, "Ile kijani iko wapi?" Kumbe ilikuwa rangi ya mlango wa jikoni kwao, babu yake alitumia iliyobaki kwenye kopo. Pesa nilimrudishia. Rangi sikuweza.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Kilichovunjika natengeneza kwa historia ya kweli, ila kama kina mwenzake mzima kando yake, kama zile ngazi, nafuata mkono wa aliyejenga. Kilichokosewa lakini ni kizima, nakigusa tu kama naweza kukirudisha kilivyokuwa. Pete za mlingoti zinafutika, bendera inabadilishwa na ile ya zamani inahifadhiwa kwenye bahasha. Shaba hairudi. Njano ya ubavuni pia iache. Watu watakuambia kwamba Victory yenyewe ilipakwa upya 2015 baada ya wataalamu kuchunguza tabaka za rangi zake, ikatoka na rangi iliyofifia zaidi, yenye wekundu kidogo. Ni kweli. Lakini baba alipaka njano ambayo kila mtu wa wakati wake aliijua, na hilo nalo ni jambo la historia.

Ukitafuta picha za kunakili foromali zako mbili, tahadhari na picha za meli ilivyo Portsmouth. Milingoti yake ya chini ni mirija ya chuma iliyotolewa kwenye manowari nyingine, Shah, mwishoni mwa karne ya 19, na mlingoti mkuu ulishushwa 2021. Ukinakili picha ya juzi utajenga gofu la makumbusho badala ya meli iliyokwenda vitani.

Gundi: tumia ile nyeupe ya mbao, inalegea kwa maji ukihitaji kufungua tena. Ile ya papo kwa papo iache kwa viatu. Vumbi lifute kwa pamba iliyoloweshwa mate. Usicheke, wahifadhi wa makumbusho hufanya hivyo, maana mate yana vimeng'enya vinavyovunja uchafu bila kuila rangi. Ila pamba iliyokwisha gusa meli isirudi mdomoni. Rangi za zamani zina risasi.

Swali

Fundi, katika toleo lililopita ulisema meli ya Trafalgar "inaweza kupambwa" kwa bendera za ujumbe wa Nelson. Nimenunua seti nzima, bendera 31, nikazitundika zote kutoka mlingoti hadi mlingoti. Jirani anasema nimekosea, hasemi wapi. Nimekosea wapi?
*Mwenye Bendera*

Jibu

Umekosea pale niliposema vibaya mimi. Samahani.

Ule ujumbe wa Nelson, kwamba Uingereza inamtarajia kila mtu atimize wajibu wake, ulipandishwa kwa mafungu 12, moja baada ya jingine, muda mfupi kabla ya saa sita mchana. Maneno manane ya kwanza yalikuwa na namba za tarakimu tatu kwenye kitabu cha ishara: England ni 253, expects ni 269, na kuendelea. Neno la mwisho, duty, halikuwemo kitabuni, likaandikwa herufi kwa herufi: 4, 21, 19, 24. Hesabu yako ya 31 ni sahihi. Lakini hakuna dakika hata moja ambayo zote 31 zilikuwa juu kwa pamoja. Meli yenye bendera zote hizo imejipamba kwa sikukuu, haiendi vitani. Tundika fungu moja tu. Mimi napenda 269, kwa sababu Nelson alitaka kusema "confides", yaani ana imani nao, na ofisa wake wa ishara, John Pasco, akamwomba aruhusu "expects" kwa kuwa lilikuwemo kitabuni na lingeokoa muda. Neno maarufu kuliko yote katika bahari ile lilichaguliwa ili kupunguza kazi ya kamba.

Tena angalia ni seti gani umeuziwa. Kwa miaka mingi watu walitumia bendera za kitabu cha 1799, bila kujua kwamba rangi za namba zilibadilishwa Novemba 1803. Victory yenyewe, kila sikukuu ya Trafalgar, ilikuwa inatundika bendera zisizo sahihi, mpaka kosa likagunduliwa 1908. Kama chanzo cha muuzaji wako ni kitabu cha kabla ya mwaka huo, mrudishie.

Na kama umeamua meli yako iwe katikati ya mapigano, shusha ujumbe wote. Weka ishara namba 16 peke yake: mkaribieni adui zaidi. Hiyo ndiyo Nelson aliyoiacha juu mpaka ikapigwa risasi ikaanguka.

Swali

Fundi, heshima yako. Nina modeli ya Königsberg, manowari ya Kijerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ya karatasi ngumu, urefu sm 46, iliyoanzwa na binamu yangu. Mizinga iko minane, bendera ina ule msalaba uliopinda wa Wanazi, na mimi nataka kuionyesha ikiwa imejificha Rufiji. Nina picha ya mzinga wake uliopo Fort Jesus, Mombasa. Niunakili huo?
*Mjukuu wa Baharia*

Jibu

Hii ndiyo manowari niipendayo, basi nisamehe nikipitiliza.

Watu wa pwani waliiita Manowari na Bomba Tatu, na jina hilo ndilo ukaguzi wako wa kwanza: hesabu mabomba ya moshi. Nasema hivyo kwa sababu Wajerumani walikuwa na manowari zaidi ya moja yenye jina Königsberg. Yetu iliingia kazini 1907. Nyingine ilifuata 1916, na nyingine tena 1929, yenye mabomba mawili na mizinga tisa katika vibanda vitatu, ikazamishwa Bergen Aprili 1940. Nadhani binamu alichukua bendera ya hiyo ya mwisho. Bendera ya Wanazi kwenye meli za kivita ni ya 1935 hadi 1945, wakati yetu ilikuwa imelala matopeni miaka 20. Yetu inataka bendera nyeupe ya kifalme: msalaba mweusi, tai katikati, na pembeni juu rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu pamoja na msalaba wa chuma.

Meli halisi ilikuwa mita 115.3, kwa hiyo sm 46 ni kipimo cha 250. Mizinga ni kumi, si minane: miwili sambamba omoni, mitatu kila ubavu, miwili sambamba nyuma. Angalia omoni au nyuma kama pana jozi iliyopungua. Urefu wa mtutu huhitaji kuukisia, maana jina lake linakuambia: sm 10.5, L/40, yaani kipenyo mara arobaini, mita 4.2. Kwako ni mm 17 kasoro kidogo. Sindano ya kushonea gunia iliyokatwa inafaa kabisa.

Mzinga wa Mombasa nakili mtutu tu. Meli ilipolipuliwa na wenyewe tarehe 11 Julai 1915, baada ya kupigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, mizinga yote kumi ilitolewa mtoni, ikatengenezwa Dar es Salaam na kuundiwa magari ya kukokotwa nchi kavu. Kuna mwingine Pretoria. Ukiweka magurudumu hayo sitahani utakuwa umeipa meli vita vya miaka iliyofuata.

Sasa Rufiji. Hapa siku ina uzito kuliko popote. Ukichagua Zanzibar, 20 Septemba 1914, asubuhi ilipoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, milingoti iwe mirefu kamili na sitaha safi. Ukichagua Rufiji, shusha vipande vya juu vya milingoti, kwa sababu walivishusha ili visichomoze juu ya mikoko, kisha ifunike kwa matawi. Usiweke vyote viwili, milingoti mirefu pamoja na matawi. Nimeona hivyo kwenye maonyesho, na ilionekana kama meli iliyopita chini ya mti ikakwama.

Matawi yenyewe usichume bustanini. Jani la mkoko lenye urefu wa sm 10, kwa kipimo chako, ni mm 0.4. Hapa ndipo ninaporuhusu chai: majani makavu, yasagwe, yapepetwe kwa kitambaa cha soksi, kisha yamwagwe juu ya gundi nyeupe iliyochanganywa na maji. Yatakuwa meusi mno mwanzoni. Pitisha kijani kavu juu yake kwa brashi iliyokwisha kufutwa karibu yote, na yaliyobaki kwenye kikombe mpelekee yule rafiki wa Mrithi.